Neno "Ombwe" na Habari ya Kioo Kiendacho Mbio

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hukutana lugha za asili mbalimbali. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatooga ni cha Kinailoti, na Kiswahili, kiwaunganishacho wote, ni cha Kibantu. Neno la elimu likienda kombo katika Kiswahili, msikilizaji wa huko huenda akalipokea kombo mara mbili, maana hulifasiri tena kwa lugha ya nyumbani. Neno mojawapo ni ombwe.

Ombwe kwa kawaida ni mahali patupu, pasipo hata hewa. Lakini mwaka 1948 Mholanzi Hendrik Casimir, wa maabara ya Philips mjini Eindhoven, alionyesha kwa hesabu ya kwamba mabamba mawili ya metali, yasiyo na chaji ya umeme, yakikaribiana sana katika ombwe huvutana. Sababu ni kwamba uga wa umeme na sumaku hautulii kabisa, hata kila kitu kikiondolewa. Sparnaay alijaribu kuipima nguvu hiyo mwaka 1958, ila kosa la vipimo lilikuwa kubwa. Lamoreaux akaithibitisha vyema huko Marekani mwaka 1997.

Je, ukuta wenyewe ukijongea? Mwaka 1970 Gerald Moore alipata jibu kwamba chembe za mwanga huzaliwa. Mwaka 1976 Fulling na Davies wakaonyesha kuwa hata kioo kimoja hutoa mnururisho, mchapuko wake ukibadilika. Hapa wengi hukosea, wakidhani uzito ndio uamuao. Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, huchukuliwa na dunia kulizunguka jua kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kila sekunde. Lakini mwendo huo hugeuka polepole mno, na mwanga uwezao kuzaliwa haupimiki.

Mwaka 2011 wataalamu wa Göteborg, Uswidi, hawakutikisa metali yoyote. Waligeuza kwa sumaku tabia ya saketi baridi mno, hata mpaka wake ukawa kama kioo kitetemekacho mara zaidi ya bilioni 10 kila sekunde. Mawimbi ya mikrowevu yakatokea, chembe zake zikiwa mbilimbili.

Kutafuta neno jipya kungeleta taabu kuliko faida. Ombwe na libaki. Yatosha kamusi isiseme "patupu", bali "mahali palipoondolewa kila kiwezacho kuondolewa".