Chuo kinapofuta timu: Chicago 1939, Birmingham 2014

Juma lililopita katika kipindi cha michezo tuligusia habari ya vyuo vikuu vya Marekani vinavyofuta timu zao. Baba mmoja mhami akatutumia swali kwa sauti. Anauliza: mtu amekwisha kupata diploma yake, ana kazi, ana watoto, analilia nini timu ya chuo alichoacha miaka ishirini iliyopita? Dakika mbili za redio hazikutosha kumjibu, kwa hiyo najibu hapa.

Tuelewane kwanza juu ya mchezo wenyewe, maana si kabumbu yetu. Ni mpira wa Kimarekani, ule uliochongoka pande mbili, unaobebwa mikononi, wachezaji 11 kila upande wakiwa na kofia ngumu kichwani. Kule timu ya chuo si jambo la wanafunzi peke yao. Chuo humlipa kocha, huwalipia wachezaji minervali, na siku ya Jumamosi mji mzima huelekea uwanjani. Kuifuta timu ya namna hiyo ni jambo zito, na vyuo vikubwa vilivyothubutu ni vichache.

Kimoja ni Chuo Kikuu cha Chicago. Kocha wake Amos Alonzo Stagg aliongoza timu tangu 1892 hadi 1932, na chini yake Chicago ilichukua ubingwa wa ligi yake mara saba. Mwaka 1935 mchezaji wao Jay Berwanger akawa mtu wa kwanza kupewa tuzo ambayo leo inaitwa Heisman, kubwa kuliko zote katika mpira wa vyuo. Lakini chuo kilikuwa na rekta kijana, Robert Maynard Hutchins, aliyeingia kazini 1929 akiwa na umri wa miaka 30. Yeye alisema wazi kwamba chuo ni mahali pa akili, na kwamba pesa za viingilio na sifa za uwanjani zinapoteza watu. Mwaka 1938 aliandika hivyo katika gazeti lililosomwa nchi nzima.

Halafu ukaja msimu wa 1939. Michigan waliwafunga 85 kwa 0. Ohio State 61 kwa 0. Harvard 61 kwa 0 tena. Tarehe 21 Desemba, siku nne kabla ya Noeli, baraza la chuo likapiga kura na timu ikafutwa. (Mwaka uleule, huku kwetu Elisabethville, mapadri Wabenedikto walianzisha timu ya Saint-Georges, ambayo leo ni TP Mazembe. Huko moja inakufa, huku nyingine inazaliwa.)

Wanafunzi wa zamani wa Chicago waliumia. Walikuwa wamekaa kwenye majukwaa yale wakiwa vijana, wengine walicheza chini ya Stagg mwenyewe. Lakini malalamiko yao hayakubadilisha kitu. Kwa maoni yangu kuna sababu mbili. Timu ilikuwa imekwisha kushindwa miaka kadhaa, na ni vigumu kutetea kitu kilichokufedhehesha mbele ya watu. Sababu ya pili ndiyo nzito: Hutchins hakusema tu kwamba pesa zimekosekana. Alisema chuo hakikuumbwa kwa kazi hiyo. Huwezi kumshinda kwa hesabu mtu ambaye hakusimama juu ya hesabu.

Uwanja ule wa Stagg ulibaki bila mechi zile kubwa. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa yake, Enrico Fermi na wenzake waliwasha kwa mara ya kwanza mtambo wa nguvu za atomu. Ilikuwa sehemu ya kazi ya siri ya kutengeneza bomu, na sehemu kubwa ya urani ya kazi hiyo ilichimbwa na watu wetu Shinkolobwe, Katanga. Naitaja kwa sababu mara nyingi tunadhani historia ya Chicago haituhusu.

Timu yenyewe ilichukua miaka 30 kurudi kama timu rasmi ya chuo, mwaka 1969, na ilirudi katika ngazi ndogo. Kabla ya hapo, mwaka 1963, wanafunzi waliketi katikati ya uwanja kuzuia mechi, wakiogopa mambo ya zamani yasirudi. Yaani wanafunzi wapya walikuwa wamekwisha kukubaliana na Hutchins kuliko kaka zao waliowatangulia.

Sasa twende kusini, Birmingham, jimbo la Alabama. Mji huo ulianzishwa 1871 juu ya chuma na makaa ya mawe, kama vile Likasi na Kolwezi zilivyoanzishwa juu ya shaba. Tanuru za chuma zilipozimika, chuo kikuu na hospitali yake ndivyo vilivyobaki vikiwapa watu kazi. Chuo kinaitwa UAB. Wanafunzi wake wengi walikuwa watu wa mji: asubuhi wanakuja darasani, jioni wanarudi nyumbani au wanakwenda kazini. Hawakulala pamoja, hawakula pamoja. Timu ilianza kama kikundi cha wanafunzi mwaka 1989, ikaingia mashindano rasmi 1991, ikafika ngazi ya juu 1996. Kwa watu wa namna hiyo, uwanja ndio mahali walipoonana. Baba uliyeuliza, nadhani jibu lako linaanzia hapo.

UAB haijitawali. Ina baraza moja na chuo kikubwa cha Alabama kilichoko Tuscaloosa, ambacho timu yake ni kati ya zinazoogopwa sana Marekani. Mwaka 2011 baraza hilo lilizuia mpango wa kuijengea UAB uwanja wake. Wanafunzi wa zamani walisema Tuscaloosa haitaki mdogo wake akue. Baraza lilikana. Hayo yote yalikuwa yamelala kama moto chini ya majivu.

Mwaka 2014 alikuja kocha mpya, Bill Clark. Timu iliyokuwa imeshinda mechi mbili tu msimu uliotangulia ikashinda sita. Siku chache baada ya mechi ya mwisho, tarehe 2 Desemba, rekta Ray Watts aliwaita wachezaji akawaambia timu imefutwa, pamoja na timu za bolingi na za kulenga shabaha kwa bunduki. Mchezaji mmoja, mtu mzima aliyewahi kuwa askari, alisimama akamjibu rekta uso kwa uso, na picha zake zikazunguka nchi nzima jioni ileile. Nje, watu walizingira mlango.

Sababu aliyotoa Watts ilikuwa pesa. Michezo ilitumia dola milioni 30 kwa mwaka, na milioni 20 kati ya hizo zilitoka mfukoni mwa chuo. Ripoti aliyoiagiza ilisema miaka mitano iliyofuata ingehitaji milioni 49 zaidi. Na hapo, tofauti na Hutchins, alikuwa amewapa wapinzani wake kitu cha kushika. Wanafunzi wa zamani hawakuishia kwenye kelele, ingawa kelele zilikuwepo. Walisema: tuonyesheni hesabu hiyo, mstari kwa mstari. Januari 2015 baraza la walimu likapiga kura ya kutokuwa na imani na rekta. Wanauchumi wengine wakapitia hesabu upya, na Aprili wakasema timu zile tatu hazikuwa zinakitia chuo hasara. Ukihesabu vizuri zilijilipa, au zilizidi kidogo. Kosa kubwa walilolionyesha ni rahisi kulielewa: minervali ya mchezaji ilihesabiwa kama pesa iliyotoka, wakati chuo kilikuwa kinajilipa chenyewe.

Huku nyuma, wengine walikuwa wanachanga. Justin Craft, mchezaji wa zamani aliyefanya kazi katika mambo ya fedha, alikuwa mstari wa mbele, akiwapitia wafanyabiashara wa mji mmoja baada ya mwingine. Halmashauri ya mji nayo iliahidi sehemu yake. Pengo lililobaki liliwekwa wazi: dola milioni 17.2 kwa miaka mitano. Tarehe 1 Juni 2015, miezi sita tu baada ya kufuta, Watts alitangaza kwamba timu zote tatu zinarudi.

Najua kuna atakayesema: milioni zote hizo kwa mpira, si afadhali maabara au vitanda vya hospitali? Ni swali halali, na kule pia liliulizwa. Mimi naona Hutchins alikuwa na haki ya kuuliza chuo ni cha nini. Shida yangu ni uamuzi unaofika ukiwa umekwisha kupikwa, wahusika wakiitwa tu kuusikiliza.

Kuna jambo moja ambalo pesa hazikulirudisha. Timu ilipofutwa, wachezaji waliruhusiwa kuhamia vyuo vingine, na karibu wote waliondoka kabla ya Juni. Jordan Howard, mkimbiaji wao bora, alimalizia Indiana kisha akachezea Chicago Bears kama mchezaji wa kulipwa. Ninyi mliohama mnajua: mkitawanyika, hata nyumba ikijengwa upya, si wote wanarudi kukaa ndani. Wachache waliobaki na kocha Clark walifanya mazoezi misimu miwili mizima, 2015 na 2016, bila mechi hata moja.

Septemba 2017 walicheza tena, katika uwanja mkongwe wa Legion Field, dhidi ya Alabama A&M. Walikuja watu zaidi ya 45,000, ambao hawakuwahi kufika katika mechi ya nyumbani ya UAB tangu timu izaliwe. Walishinda 38 kwa 7. Mwaka uliofuata wakachukua ubingwa wa ligi yao.

Baba, kama bado una swali, namba ya redio ni ileile. Tuma sauti tena.