Kompyuta Inapoulizwa Toleo Lake: Historia ya uname na ver

Fundi akiletewa kompyuta yenye hitilafu, moja ya mambo ya kwanza anayotaka kujua ni mfumo endeshi uliomo na toleo lake. Hahitaji kufungua menyu nyingi. Hufungua dirisha la amri na kuandika neno moja: uname kwenye Linux, ver kwenye Windows. Maneno hayo mafupi yana historia ndefu, na historia hiyo inaonyesha kwamba jibu la kompyuta halikuwa wazi kila wakati.

Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika Maabara ya Bell, New Jersey, Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwanzoni matoleo yake yalihesabiwa kwa kitabu cha mwongozo, na cha kwanza kilitoka Novemba 1971. Baadaye mfumo ukaenea, ukawa na matawi mengi. Amri ya uname ilitokea katika tawi la PWB/UNIX mwaka 1977. Mwaka 1988 kanuni za POSIX, zilizokusudiwa kuoanisha matawi hayo, zikaweka bayana mambo matano ambayo mfumo unapaswa kuyajibu: jina lake, jina la mashine kwenye mtandao, toleo, marekebisho ya toleo hilo, na aina ya mashine.

Upande wa Microsoft, MS-DOS iliingia sokoni mwaka 1981, na amri ya ver ikaja na toleo la 2.0 mwaka 1983. Programu nazo zikapewa njia ya kuuliza namba hiyo, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Baadhi ya waandishi wa programu waliweka sharti kwamba namba isipokuwa ileile waliyoizoea, programu isifanye kazi. MS-DOS 5.0 ilipotoka mwaka 1991, ilibidi ije na SETVER, amri yenye orodha ya programu ambazo zingeambiwa toleo la zamani hata kama mfumo ulikuwa mpya.

Mtindo huo uliendelea. Windows 7 ya mwaka 2009 ilijitambulisha kwa namba 6.1 ili programu zilizoandikiwa Windows Vista, yenye namba 6.0, zisigome. Linux, mfumo unaofuata mtindo wa Unix, iliporuka kutoka 2.6.39 hadi 3.0 mwaka 2011, wasanifu wake waliongeza njia ya kuifanya uname itaje namba inayoanza na 2.6 kwa programu zilizoshindwa kuisoma 3. Mwaka 2020 Apple nayo ilitoa macOS 11, lakini programu za zamani zilijibiwa 10.16.

Linux ilikuwa na ugumu wake pia. Amri ya uname -r hutaja toleo la kiini cha mfumo tu, haisemi wazi kama mashine inatumia tawi la Debian, Ubuntu au Fedora. Kila tawi liliweka habari zake katika faili lake, Debian kwenye /etc/debian_version, Red Hat kwenye /etc/redhat-release. Mwaka 2012 wasanifu wa systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo wa Linux, walileta faili moja la wote, /etc/os-release. Leo amri ya cat /etc/os-release hujibu kwa karibu matawi yote makubwa.

Kujua toleo si kazi ya mafundi peke yao. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivamia kompyuta katika nchi nyingi na kuvuruga hospitali za Uingereza, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kinga tangu Machi kwa matoleo yaliyokuwa bado yanahudumiwa. Walioumia ni wenye mashine zisizosasishwa.

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Msomaji, andika ver kwenye dirisha la amri la kompyuta yako ya Windows leo, wala usiishie kwenye 10.0, kwa sababu Windows 10 na Windows 11 zote huanza hivyo. Tazama namba inayofuata. Ikiwa ni 22000 au zaidi kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani au ofisini, hiyo ni Windows 11. Ikiwa ni 19045 au chini yake, hiyo ni Windows 10 au ya zamani zaidi, na wakati wa kupanga kuhama umefika.