Umilele na Ardhi ya Ukoo: Fundisho la Mambo ya Juu Katika Milima ya Uluguru

Fundisho la Kikristo linalomtaka mwamini aelekeze moyo wake kwenye mambo ya milele kuliko mambo ya dunia limepotoshwa kwa namna mbili zinazopingana, na kila moja ina wafuasi wake katika makanisa ya Tanzania. Wapo wanaolichukua kama ruhusa ya kudharau kazi, ardhi na haki za watu wanaoishi sasa, kwa hoja kwamba yote hayo yatapita. Na wapo wanaoliacha kimyakimya, wakihubiri baraka zinazopimwa kwa nyumba, gari na biashara, mahubiri ambayo wanatheolojia huyaita injili ya mafanikio, yaani mafundisho yanayouchukulia utajiri kuwa ushahidi wa imani. Makala hii inatetea msimamo usiokubaliana na pande zote mbili: kwamba umilele wa Agano Jipya haumwondoi mwamini shambani, bali unabadili namna anavyolishika shamba. Msimamo huo haupimwi vizuri katika ukumbi wa semina. Unapimwa mahali ambapo ardhi ni finyu, ina rutuba na inagombewa, na Kinole, kata iliyo upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru katika Wilaya ya Morogoro, ni mahali pa namna hiyo.

Upande huo wa milima hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na kwa sababu hiyo mvua yake ni nyingi kuliko ya upande wa magharibi. Mito inayoshuka huko huingia katika Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Miteremko ni mikali, lakini migomba, mananasi, pilipili manga, karafuu na mdalasini hustawi juu yake, hata kipande kidogo cha ardhi kikawa na thamani ambayo mgeni kutoka nyanda kavu angeshindwa kuikadiria. Kwa desturi za Waluguru, ukoo hufuatwa kwa upande wa mama: mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo mkubwa wa mama yake, na ardhi ya asili ni mali ya ukoo huo. Aliye hai huitumia na kuitunza, kisha huwaachia wanaofuata. Mtu wa ukoo mwingine anaweza kuazimwa sehemu alime mazao ya msimu, lakini kupanda miti ya kudumu ni suala jingine, kwa kuwa mti huishi kuliko mkataba wa maneno na huifunga ardhi kwa miaka mingi.

Kinole ina pia urithi wa pekee. Ndipo makao ya Kingalu, mtawala na mwombaji wa mvua ambaye watu wa sehemu mbalimbali za Uluguru walimwendea kwa sadaka wakati wa ukame, na ambaye Waingereza walipoanzisha utawala wa kupitia viongozi wa jadi walimwingiza katika mfumo wao kama sultani. Mamlaka ya kiserikali ya machifu yalifutwa nchini mwaka 1963, lakini cheo cha Kingalu hakikuzikwa pamoja na mamlaka hayo. Kila anayekirithi huvaa jina la waliomtangulia, kwa hiyo mtu hufa lakini Kingalu hafi. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mada inayojadiliwa, ingawa mara nyingi huachiwa wanahistoria peke yao.

Mhubiri anayefika Kinole akidhani kwamba kishawishi kikuu cha wakazi wake ni anasa atakuwa amekosea shabaha. Kishawishi kikubwa zaidi ni udumifu: ardhi isiyotoka ukooni, jina lisilokatika, makaburi ya wazee yaliyo karibu na nyumba, yanayothibitisha kwamba waliopo hawakuanza wao na hawatamaliza wao. Udumifu wa namna hii ni mwema, na umewafundisha watu kutojiona wamiliki wa mwisho wa kitu chochote. Hata hivyo si umilele. Ukoo unaweza kudumu karne nyingi na bado ukabaki sehemu ya mambo yanayoonekana, ambayo Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, anayahesabu kuwa ya muda tu. Tena, udumifu wa ukoo huhifadhi jina na nafasi, wala haumhifadhi mtu. Mwanamke aliyelima kwa miaka arobaini na kufa bila mtoto wa kike hana nafasi kubwa katika kumbukumbu hiyo. Ufufuo, ambao ndio kiini cha tumaini la Kikristo, unadai kinyume chake: kwamba Mungu anamjua mwanamke huyo mwenyewe, wala si nafasi yake katika mfuatano wa vizazi, na kwamba ni yeye atakayeitwa.

Mwanatheolojia Mkenya John Mbiti aliandika kwa kina juu ya suala hili la wakati na umilele. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Waafrika alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza kwamba fikra za jadi zina wakati uliopo na wakati uliopita uliojaa, huku wakati ujao wa mbali ukiwa karibu haupo. Miaka miwili baadaye, katika utafiti wake juu ya Wakamba, alionyesha namna mafundisho ya kimisionari kuhusu mwisho wa dunia yalivyopokewa kama ahadi ya nchi nyingine yenye starehe, ambayo Mkristo huisubiri huku akiyapa kisogo maisha ya sasa. Dai la kwanza limepingwa na wengi, na Kinole inawapa wapinzani hao hoja nzuri, kwa sababu ukoo unaomzuia mwazimaji kupanda mkarafuu unafikiri mbele sana. Dai la pili lina nguvu hadi leo. Mbingu iliyohubiriwa kama fidia ya umaskini haikumfundisha mtu lolote kuhusu namna ya kuishi na jirani yake bondeni.

Mapokeo ya Biblia yenyewe hayakubaliani na mbingu ya namna hiyo. Sura ya tatu ya Waraka kwa Wakolosai, inayotumiwa mara nyingi kuhimiza kuyatafuta mambo ya juu, inaorodhesha mara moja mambo ya kidunia yanayopaswa kufishwa, na katika orodha hiyo hamna jembe, shamba wala ndoa. Kuna uasherati, tamaa mbaya na uchoyo, ambao mwandishi anauita ibada ya sanamu. Kisha inafuata hasira, matukano na uongo. Baada ya hapo waraka unaingia nyumbani, kwa mume na mke, mzazi na mtoto, mtumwa na bwana. Kwa hiyo, kuyafikiri mambo ya juu kunatekelezwa nyumbani, na anayetumia sura hiyo kuwaambia watu wasijishughulishe na haki za duniani hajaisoma hadi mwisho.

Ushahidi mzito zaidi uko katika sura ya kumi na mbili ya Injili ya Luka. Mfano wa tajiri aliyepanga kubomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi, akafa usiku uleule, huhubiriwa kama onyo kwa matajiri, lakini wachache hukumbuka ulisababishwa na nini. Mtu mmoja katika umati alimwomba Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Yesu alikataa kuwa mgawaji, akaonya juu ya choyo, ndipo akatoa mfano huo. Mzizi wa mfano, kwa maneno mengine, ni kesi ya urithi kati ya ndugu, kesi ambayo kijiji chochote cha Uluguru kingeielewa bila kufafanuliwa. Kukataa kwa Yesu hakumaanishi kwamba haki ya urithi haina maana, kwani Torati aliyoiheshimu ina sheria za urithi, zikiwemo zile zilizotolewa kwa ajili ya binti za Selofehadi. Alichokataa ni dhana kwamba maisha ya mtu yamo katika vitu alivyo navyo. Mtu aliyepona dhana hiyo anaweza kudai haki yake bila kumchukia ndugu yake, na anaweza pia, jambo lililo gumu zaidi, kuitoa haki ya mwenzake bila kujiona amepungukiwa.

Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alilieleza jambo hili kwa kutofautisha kutumia na kufurahia: kufurahia ni kushikamana na kitu kwa ajili yake chenyewe, na hilo linamstahili Mungu; kutumia ni kukichukua kitu kwa shukrani kama njia ya kumfikia Yeye. Mafundisho ya aina hii yakitengwa na maisha yanaweza kuonekana makavu, lakini Yeremia aliyatenda kabla hayajaandikwa. Yerusalemu ikiwa imezingirwa na Wababeli, naye akijua kwamba mji utaanguka, alinunua shamba la binamu yake kule Anathothi kwa shekeli kumi na saba za fedha, akaandika hati, akaweka mashahidi na kuagiza hati itunzwe katika chombo cha udongo. Hakulinunua kwa sababu soko lilikuwa zuri. Alilinunua kwa sababu neno la Mungu lilidumu kuliko ukuta wa mji. Vivyo hivyo Paulo, baada ya kueleza ufufuo kwa sura nzima katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anamalizia kwa kuwataka wasomaji wake wazidi kufanya kazi, kwa kuwa kazi hiyo haipotei.

Pingamizi la kweli dhidi ya msimamo huu ni la kihistoria: ahadi ya kesho imetumika mara nyingi kuwanyamazisha watu wa leo. Uluguru ina mfano wake usio wa kidini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, wateseke sasa ili udongo uhifadhiwe kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuongezeka kama ilivyoahidiwa, na mwaka 1955 upinzani ulilipuka kuwa ghasia, mpango ukaachwa. Kosa halikuwa kujali vizazi vijavyo. Kosa lilikuwa kukigeuza kizazi kilichopo kuwa gharama ya manufaa ya wengine. Mwalimu Nyerere, mwenyewe Mkatoliki, alilionya Kanisa juu ya hatari inayofanana na hiyo alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970: Kanisa lisiloshiriki kupinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini litapoteza maana kwao. Onyo hilo ni la haki. Lakini dawa yake si kuupunguza umilele, kwa sababu umilele wa Kikristo haumtoi mtu sadaka kwa ajili ya wakati ujao. Kila mtu wa leo anahusika nao yeye mwenyewe. Mfano wake ni vuguvugu la Kikristo la toba: Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa waongofu waliorudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya zamani. Hofu ya hukumu ya milele iliwarudisha sokoni na kwa majirani kusawazisha hesabu.

Kanisa Katoliki limekuwa Matombo, jirani ya Kinole, tangu mwaka 1897, na madhehebu mengine yamefuata; fundisho la uzima wa milele si geni milimani. Linalopungua ni kulifundisha pale linapohitajika. Mazishi huhubiriwa, mbingu hutajwa, kisha siku ya kuvunja matanga, pale msiba unapofungwa rasmi, wazee hukaa kuuliza madeni ya marehemu na kuamua nani ashike mashamba, mara nyingi katika mvutano kati ya watoto waliolima na baba yao na wapwa ambao ukoo unawatambua. Mjane naye husubiri kuambiwa. Katika kikao hicho Waislamu na Wakristo hukaa pamoja kama ndugu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kutumia ardhi, lakini neno la Kikristo juu ya kisichopita huwa adimu kikaoni, kwa kuwa aliyelihubiri kaburini ameshaondoka. Makatekista, wachungaji na mapadri wa Uluguru wanaombwa wasiondoke. Wabaki hadi kikao kiishe, si kama wagawaji, bali kama mashahidi wanaowakumbusha waliokaa kwamba marehemu yu hai mbele za Mungu na kwamba mjane wake yuko mbele yao.