Jimbo la Uchaguzi la Mashariki: Historia Fupi

Jimbo letu lilidumu miaka miwili tu, 1958 hadi 1960, lakini heshima yake haipimwi kwa umri. Ndilo lililompa Mwalimu Julius Nyerere kiti chake cha kwanza cha kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kabla ya hapo aliwahi kuteuliwa na serikali, akajiuzulu Desemba 1957. Safari hii aliingia kwa kura za watu, na watu hao walikuwa wa Uluguru, Kilosa, Ulanga, Bagamoyo, Uzaramo na Rufiji. Fahari hiyo hatunyang'anywi.

Serikali ya kikoloni iligawa nchi katika majimbo 10 ya uchaguzi. Letu lilichukua eneo la Jimbo la kiutawala la Mashariki, isipokuwa Dar es Salaam iliyopewa kiti chake. Masharti yalikuwa mazito. Mpiga kura awe ametimiza miaka 21, na awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Tena alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Akimwacha mmoja, kura yake imeharibika.

Mpango huo nusura ukipasue chama cha Mwalimu, TANU. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, wengi walitaka uchaguzi ususiwe. Wazee husimulia jinsi Mwalimu alivyowataka wajumbe wafikirie shamba lililoiva ng'ambo ya tope: anayetaka mavuno hana budi kuchafua miguu. Mkutano ukakubali kushiriki, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Wachache hawakuridhika; mmoja wao, Zuberi Mtemvu, akaenda kuanzisha chama chake. Hayo yalipita.

Septemba 1958 zamu yetu ikafika, pamoja na majimbo mengine manne. Yaliyobaki yalifuata Februari 1959. Aliyeshindana na Mwalimu alikuwa Chifu Patrick Kunambi wa Waluguru, mtu mwenye jina na heshima kwao. Mwalimu alipata kura zaidi ya 2,600, mwenzake kama 800. Zitazameni vizuri hesabu hizo: kwa eneo kubwa kiasi kile, waliopiga kura walikuwa wachache mno. Wakulima na akina mama waliojaza viwanja vya mikutano ya TANU, wale walioamshwa na viongozi wa chama akina Bibi Titi Mohamed, wengi wao hawakuruhusiwa hata kujiandikisha. Ushindi ule ni wao pia, na shukrani zetu ziwafikie wao kwanza.

Wagombea wote walioungwa mkono na TANU walishinda, Waasia na Wazungu wakiwemo. Hila ya kura tatu ikawageukia walioitunga.

Uchaguzi wa Agosti 1960 ulikuja na majimbo 50, na jimbo letu kubwa likagawanywa. TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Septemba 1960 Mwalimu akawa Waziri Kiongozi; Uhuru, 9 Desemba 1961; Jamhuri, 1962. Majimbo ya kiutawala nayo yakaondolewa, ikaja mikoa. Ardhi ya jimbo la zamani sasa iko katika mikoa ya Morogoro, Pwani na Dar es Salaam, na wabunge wake hutoka Kilosa, Gairo, Mvomero, Kilombero, Ulanga, Bagamoyo, Chalinze, Kisarawe, Mkuranga, Rufiji na kwingineko.