Jina la Gari na Hukumu ya Watumiaji Wake: Kutoka Edsel hadi Bajaji

Utangulizi

Wanaisimu wamezoea kufundisha kwamba jina la pekee halina maana, bali lina kirejelewa tu. Mtu aitwaye Hamisi si lazima awe amezaliwa siku ya Alhamisi, na hakuna amuulizaye. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haielezi ni kwa nini watu hugombana juu ya majina. Miongoni mwa wanaogombana sana juu yake ni wapenzi wa magari. Kila kampuni inapobadili jina la gari, wao hutoa hukumu: jina la zamani lilikuwa bora, jipya halina ladha, na mauzo yakishuka, hudai kwamba waliyaona hayo mapema. Wakuu wa kampuni nao hujibu kwa takwimu na mikakati.

Mhadhara huu unakusudia kuuchunguza ugomvi huo katika historia, hasa ya Marekani na Japani, kisha kuutazama kwa jicho la Kiswahili. Hoja yake kuu ni kwamba jina la gari huzaliwa likiwa tupu, na kinacholijaza ni matumizi. Kampuni hulimiliki jina kisheria, lakini maana ya jina hilo imo vinywani mwa wasemaji. Kampuni inayosahau jambo hilo hutupa mali ambayo haikuiona kwenye vitabu vyake vya hesabu.

Jina lililobebeshwa lawama

Katika miaka ya mwanzo, watengenezaji hawakujisumbua sana na majina. Henry Ford aliliita gari lake la mwaka 1908 kwa herufi tu, Model T. Gari hilo lilitengenezwa hadi mwaka 1927, likapita idadi ya milioni 15, na Wamarekani wenyewe wakalibatiza jina la utani, Tin Lizzie. Hali kadhalika, gari dogo la Volkswagen liliandikwa katika nyaraka za kiwanda kuwa ni Aina ya 1. Watu waliliita mbawakawa kwa sababu ya umbo lake, na mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni yenyewe ililikubali jina hilo katika matangazo yake. Tangu awali, basi, watumiaji walikuwa wakitoa majina bila kuombwa.

Katika miaka ya 1950 mambo yaligeuka. Jina likawa kazi ya wataalamu. Mwaka 1955 kampuni ya Ford, ikiandaa gari jipya, ilimwomba mshairi Marianne Moore apendekeze majina. Mshairi huyo alituma mengi, na lililovuma kuliko yote ni Utopian Turtletop. Wakala wa matangazo nao walileta maelfu ya majina mengine. Mwishowe bodi, chini ya mwenyekiti wake Ernest Breech, iliyaacha yote ikachagua Edsel, jina la mtoto wa Henry Ford aliyefariki mwaka 1943.

Gari lilizinduliwa tarehe 4 Septemba 1957 kwa kishindo cha matangazo. Lilisimamishwa Novemba 1959, likiwa limetengenezwa kwa idadi iliyo kati ya 110,000 na 120,000, na hasara yake hukadiriwa kuwa dola milioni 250. Tangu hapo, neno Edsel limeingia katika Kiingereza cha Marekani kama nomino ya kawaida yenye maana ya mradi uliofeli vibaya.

Je, jina ndilo lililoliua gari hilo? Wengi husema hivyo hadi leo. Lakini Edsel lilifika sokoni wakati uchumi wa Marekani ukiingia katika mdororo. Bei yake iligongana na ya magari ya Mercury ya kampuni hiyohiyo. Baadhi ya magari yalitoka kiwandani yakiwa na kasoro. Na uso wake ulichekwa. Waswahili husema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Edsel lilitembezwa sana. Jina halikuwa na hatia. Lilijazwa aibu na gari lenyewe, kisha likabaki kuibeba peke yake.

Kisa cha Chevrolet Nova kinathibitisha jambo hilo kwa upande wa pili. Kwa miaka mingi imesimuliwa, hata katika madarasa ya biashara, kwamba gari hilo halikununuliwa katika nchi za Kihispania kwa sababu "no va" ni kusema "haliendi". Masimulizi hayo si ya kweli. Nova liliuzwa vizuri Mexico na Venezuela, na kampuni ya mafuta ya taifa ya Mexico iliwahi kuuza petroli yenye jina hilohilo. Msemaji wa Kihispania hachanganyi neno moja lenye mkazo katika silabi ya kwanza na maneno mawili ambamo kitenzi kina mkazo wake. Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapa: anajua kwamba barabára hupitiwa na magari, ilhali kazi iliyofanywa barábara ni kazi iliyofanywa sawasawa. Herufi ni zilezile, lakini mkazo huyatenga maneno.

Taurus: jina lililotupwa likaokotwa

Mwishoni mwa mwaka 1985 Ford ilianza kuuza gari lililoitwa Taurus. Inasimuliwa kwamba jina hilo lilianza kama jina la siri la mradi, baada ya wakuu wawili wa mradi huo kugundua kwamba wake zao walizaliwa chini ya nyota ya ng'ombe. Asili hiyo ni ya kubahatisha kabisa, na haikuhusu lolote kuhusu gari. Hata hivyo, umbo lake la mviringo lilikuwa jipya na familia nyingi zikalipenda. Mwaka 1992 yaliuzwa zaidi ya magari 400,000, na kuanzia mwaka huo hadi 1996 Taurus lilikuwa gari dogo la abiria lililoongoza kwa mauzo Marekani.

Kisha lilianza kudhoofika. Umbo la toleo la mwaka 1996 halikupendwa na wengi, na baadaye sehemu kubwa ya magari hayo iliuzwa kwa kampuni za kukodisha. Viongozi wa Ford walihitimisha kwamba jina limechakaa. Wakati huo walikuwa na mkakati wa kuyapa magari ya kawaida majina yanayoanza na herufi F, na magari makubwa ya familia majina yanayoanza na E. Hivyo gari jipya la mwaka 2004 likaitwa Five Hundred, yaani mia tano, na mwaka 2006 Taurus likasimamishwa.

Septemba mwaka huohuo Alan Mulally aliingia Ford akitokea kampuni ya ndege ya Boeing. Alishangaa kukuta kwamba kampuni ilikuwa imeliua jina ambalo karibu kila Mmarekani analifahamu, na ikaanza kutumia fedha kufundisha umma jina ambalo hakuna alifahamuye. Februari 2007, katika maonyesho ya magari ya Chicago, ilitangazwa kwamba Five Hundred litaitwa Taurus.

Wapenzi wa magari waligawanyika. Wapo waliosema kwamba haki imetendeka. Wapo waliolalamika kwamba gari tofauti limevishwa kanzu ya marehemu. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli. Watu walilitambua jina lililorudi, lakini mauzo hayakufikia tena kilele cha miaka ya 1990, na mwaka 2019 utengenezaji wake ulikoma Marekani, wakati wanunuzi walipokuwa wamehamia magari ya juu. Funzo lake ni la wastani: jina zuri haliokoi gari ambalo zama zake zimepita, ila kulitupa hakuleti faida yoyote.

Herufi mahali pa majina

Mkakati mwingine uliowaudhi wapenzi wa magari ni wa kuondoa maneno na kuweka herufi. Honda ilipoanzisha chapa ya Acura huko Marekani mwaka 1986, ilianza na magari mawili, Legend na Integra. Yote mawili yalisifiwa. Katikati ya miaka ya 1990, Legend likageuzwa kuwa RL. Mwaka 2001 Integra nalo likafuatiwa na RSX. Sababu iliyotajwa ni kwamba wenye magari walikuwa wakisema "nina Legend" badala ya kusema "nina Acura". Mtoto alikuwa amemzidi mzazi umaarufu, na ikaonekana dawa ni kumnyang'anya mtoto jina.

Lincoln ilifuata njia hiyo. Gari lake la Zephyr lilidumu na jina hilo kwa msimu mmoja tu, likaitwa MKZ. Baadaye zikaja MKX, MKS, MKT na MKC. Kwa mwanafonolojia, kasoro inaonekana upesi: majina matano yanatofautishwa na herufi moja ya mwisho, na masikio ya wanunuzi hayakuwa na pa kushika. Hata matamshi yalikuwa na utata, kwani mwanzoni kampuni ilitaka MK isomwe kama neno "Mark". Kuanzia mwaka 2016 Lincoln ilirudi kwenye maneno: Continental, kisha Nautilus, Aviator na Corsair. Acura nayo ililirudisha jina la Integra mwaka 2022.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba herufi na tarakimu ni mbaya kwa asili yake. Peugeot imetumia tarakimu zenye sifuri katikati tangu gari lake la 201 la mwaka 1929, na iliulinda utaratibu huo kwa wivu kiasi kwamba Porsche ililazimika mwaka 1964 kuligeuza gari lake la 901 kuwa 911. Katika Afrika Mashariki, 404 na 504 hazikuwa tarakimu tupu. Bert Shankland wa Tanzania alishinda mbio za magari za Safari mwaka 1966 na 1967 akiendesha 404, na 504 ilishinda mwaka 1975 na 1978. Tarakimu hizo zilijazwa kwa vumbi na tope za nchi hizi. Kasoro ya RL na MKT haikuwa kwamba ni herufi, bali kwamba zilikuja kufuta kilichokwisha kujazwa.

Datsun na kumbukumbu ya Safari

Mfano ulio karibu zaidi na Afrika Mashariki ni Datsun. Herufi DAT zilitokana na majina ya Wajapani watatu, Den, Aoyama na Takeuchi, waliofadhili gari la mwaka 1914. Gari dogo lililofuata mwanzoni mwa miaka ya 1930 liliitwa Datson, yaani mtoto wa DAT kwa Kiingereza. Lakini sauti "son" kwa Kijapani inaweza kumaanisha hasara, na jina likageuzwa kuwa Datsun. Hapa wenye kampuni waliisikiliza lugha ya watu wao.

Katika mbio za Safari, Datsun lilishinda mwaka 1970, 1971 na 1973. Kisha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa dereva wa Kenya, alishinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa magari ya kampuni hiyohiyo. Katikati ya ushindi huo, mwaka 1981, kampuni iliamua kuliondoa jina Datsun duniani kote na kubakiza Nissan. Uamuzi huo ulilenga kuunganisha jina la kampuni na jina la bidhaa zake. Wapenzi wa magari hawakuacha kuulaumu.

Mwaka 2012 Nissan ilitangaza kulifufua jina hilo, safari hii kwa magari ya bei nafuu ya India, Indonesia, Urusi na Afrika Kusini. Mwaka 2022 lilisimamishwa tena. Jina lililofufuliwa lilikuwa lilelile kwa herufi, lakini lilipewa kazi nyingine na kupelekwa kwa wanunuzi wapya. Sifa iliyopatikana Safari haikusafiri nalo.

Majina katika kinywa cha Waswahili

Kiswahili kinaonyesha upande wa mwisho wa jambo hili, ambapo kampuni haina sauti kabisa. Jina Mercedes lilikuwa la binti wa mfanyabiashara Emil Jellinek, na Benz ni la mhandisi Karl Benz. Yaliunganishwa mwaka 1926. Waswahili walimwacha binti, wakamchukua mhandisi, wakamwongezea irabu: benzi. Kisha, katika miaka ya baada ya uhuru, wakalitia neno hilo katika ngeli ya A-WA, wakapata mbenzi na wabenzi, kana kwamba ni kabila lenye nchi yake. Kiambishi kimoja kilibeba hukumu nzima ya kisiasa juu ya tabaka jipya la wakubwa. Hakuna wakala wa matangazo aliyeweza kuipanga maana hiyo, wala kuizuia.

Tanzania gari kubwa la kifahari, hata likiwa na jina la Kijapani au la Kiingereza, limeitwa shangingi, neno lenye kejeli ya wazi. Nayo bajaji imetoka kwenye jina la kampuni ya India, Bajaj, ikawa jina la kila chombo cha abiria chenye magurudumu matatu, hata kilichotengenezwa na kampuni nyingine. Ikaandikwa kwa herufi ndogo, ikapata ngeli: bajaji hii, bajaji hizi. Kwa mwenye chapa, hayo yaweza kuwa hasara, kwa sababu jina halimtofautishi tena na washindani wake. Kwa lugha, ni uraia kamili.

Hitimisho

Historia hii inadhihirisha kwamba wapenzi wa magari hukosea wanapodhani kuwa jina pekee huuza au huua gari. Edsel liliuawa na mengi, na Taurus halikuokolewa na jina lake. Lakini wana haki katika jambo moja ambalo wakuu wa kampuni hulichelewa: jina lililokaa vinywani mwa watu kwa miaka ishirini si kibandiko cha kubanduliwa. Ni amana. Ndani yake mna safari, hofu, fahari na wakati mwingine dhihaka, na hakuna hata kimoja kilichowekwa na kiwanda.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, wajibu unaofuata ni wa kikazi. Maneno kama benzi, shangingi na bajaji yanastahili kukusanywa pamoja na tarehe, mahali na miktadha ya matumizi yake, kabla magari yenyewe hayajaishia kwenye vyuma chakavu. Gari likioza, chuma chake huuzwa kwa kilo. Jina lisipoandikwa, hakuna wa kulipima.