Darwin's Nightmare: Filamu ya sangara iliyozua utata Mwanza na Paris

DARWIN'S Nightmare, jina ambalo kwa Kiswahili lina maana ya Jinamizi la Darwin, ni filamu ya makala kuhusu biashara ya samaki aina ya sangara katika jiji la Mwanza, Tanzania. Ilitengenezwa na Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Venice, Italia, mwaka 2004. Katika muda wa miaka miwili ilikuwa imetunukiwa tuzo kubwa barani Ulaya, imelaaniwa na Rais wa Tanzania na kuzua mabishano yaliyoishia mahakamani jijini Paris.

Sauper alikuwa ametengeneza filamu nyingine mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa Rwanda katika misitu ya Kongo. Kwa maelezo yake mwenyewe, wazo la Darwin's Nightmare lilimjia alipoona katika uwanja wa ndege wa Mwanza ndege mbili kubwa za mizigo, moja ikileta chakula cha msaada kwa wakimbizi, nyingine ikiondoka na minofu ya samaki kuelekea Ulaya. Alirejea na kamera ndogo na msaidizi mmoja, akaishi miongoni mwa wavuvi, marubani, makahaba na watoto wa mitaani. Fedha zilitoka Austria, Ufaransa na Ubelgiji, wala hapakuwa na kampuni kubwa ya Hollywood nyuma yake.

Samaki anayezungumziwa

Sangara, ambaye wakazi wa Kisumu humwita mbuta, si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na mapema miaka ya 1960, wakati wa utawala wa Waingereza, ili kuongeza mavuno ya uvuvi. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote na kuwala furu, samaki wadogo wa asili waliokuwa wa mamia ya aina. Wataalamu wanaamini kwamba zaidi ya aina 200 zilitoweka, ingawa wengi wao hutaja pia uchafuzi wa maji na uvuvi wa kupita kiasi kuwa miongoni mwa sababu.

Wakati huo huo sangara alileta fedha. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Kisumu, Musoma, Entebbe na Jinja, na maelfu ya watu wakapata riziki kwa uvuvi, uchukuzi na usindikaji. Hapo ndipo Sauper alipopata jina la filamu yake. Samaki mwenye nguvu anayewameza wadogo amefananishwa na soko la dunia linalowameza maskini.

Yanayoonekana katika filamu

Filamu hiyo ya dakika 107 haina sauti ya msimulizi. Watu huzungumza wenyewe, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kirusi. Mtazamaji huwaona marubani kutoka nchi zilizokuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti wakistarehe na wasichana wa Mwanza, watoto wakipigania sufuria ya chakula, na mlinzi wa usiku akiwa na upinde na mishale, akieleza kwamba vita vingemletea kazi yenye mshahara. Huona pia mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa, yakianikwa juani huku yakiwa na funza.

Swali moja hurudiwa tangu mwanzo hadi mwisho: ndege hizo huja zikiwa zimebeba nini? Wengi hujibu kwamba huja tupu. Kuelekea mwisho, rubani mmoja anakiri kwamba aliwahi kupeleka silaha nzito Angola, kisha akachukua zabibu Afrika Kusini na kuzipeleka Ulaya.

Sifa na lawama

Wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani waliisifu. Ilishinda tuzo ya filamu bora ya makala ya Ulaya mwaka 2004, ikapata tuzo ya César ya Ufaransa ya filamu bora ya kwanza mwaka 2006, na mwaka huo huo ikateuliwa kuwania Oscar, ambayo ilichukuliwa na March of the Penguins. Waliosifu walisema Sauper alikuwa ameonyesha kwa samaki mmoja tu jinsi utajiri wa Afrika unavyoondoka huku umaskini ukibaki. Nchini Ufaransa baadhi ya watu walianza kuhimiza sangara asinunuliwe.

Upinzani mkali ulitoka kwa François Garçon, mwanahistoria wa filamu mjini Paris. Katika makala iliyochapishwa na jarida la Les Temps Modernes, na baadaye katika kitabu cha mwaka 2006, alidai kwamba filamu hiyo ilikuwa ikipotosha. Hoja yake kuu ilihusu silaha. Ushahidi uliotolewa na rubani ni wa Angola, si wa Mwanza, lakini filamu imepangwa kwa namna inayomfanya mtazamaji aamini kwamba minofu hulipiwa kwa bunduki. Garçon alisema pia kwamba mapanki hayo kwa sehemu kubwa ni ya kutengenezea chakula cha mifugo, na kwamba si kweli kuwa samaki wote wazuri huenda ng'ambo.

Sauper aliitetea filamu yake. Mwaka 2007 wasomi Thomas Molony, Lisa Ann Richey na Stefano Ponte waliipima filamu hiyo katika jarida la Review of African Political Economy. Makala yao iliendeleza ukosoaji huo katika nyanja ya taaluma ya maendeleo.

Hasira Tanzania

Nchini Tanzania, ambako ilikuja kujulikana kama filamu ya mapanki, suala lilikuwa la riziki zaidi kuliko sanaa. Mwaka 2006 Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliishutumu hadharani kwa kuichafua nchi na kuhatarisha biashara ya samaki. Wakazi wa Mwanza waliandamana kuipinga. Mwandishi mmoja wa habari aliyehojiwa katika filamu alijikuta akiulizwa na maafisa wa serikali kuhusu uraia wake, hatua iliyolaaniwa na watetezi wa uhuru wa vyombo vya habari.

Hofu ya wavuvi ilikuwa na msingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya uliwahi kuzuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za kiafya, zikiwemo hofu ya kipindupindu na madai ya samaki kuvuliwa kwa sumu. Viwanda vya Kenya, Uganda na Tanzania vilipata hasara, na wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kukosa soko. Kususiwa kwa mara nyingine kungewaumiza watu walewale ambao filamu ilitaka kuwatetea.

Mabishano ya Paris yalifika mahakamani baada ya Sauper kumshtaki Garçon kwa kumharibia jina. Garçon alipatikana na hatia mwaka 2008, na rufaa yake haikufaulu mwaka uliofuata. Hata hivyo, uamuzi huo ulihusu heshima ya mtengenezaji filamu. Haukuamua kama ndege za Mwanza zilileta silaha au la.

Wanaoitazama filamu hiyo leo bado hugawanyika mahali pale pale. Umaskini ulioonyeshwa haukukanushwa na wengi, na hata waliokasirika walijua kwamba mapanki yapo. Humu nchini, mifupa hiyo huitwa mgongo wazi, nayo hukaangwa na kuuzwa katika mtaa wa Obunga, Kisumu, kwa wale wasiomudu bei ya samaki mzima. Ubishi ulihusu jinsi picha hizo zilivyounganishwa na za ndege na vita, na iwapo mkazi wa Mwanza, ambaye si mnunuzi wa Paris wala mtengenezaji wa filamu, ndiye angelipa gharama ya kuonyeshwa hivyo.