Dakika Moja Kabla ya Amani

Kila tarehe 11 Novemba Wamarekani huwakumbuka askari wao. Siku hiyo ilianza kuadhimishwa kwa ajili ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1918. Mapatano yalitiwa sahihi huko Ufaransa yapata saa kumi na moja alfajiri, lakini mizinga ilipangiwa kunyamaza saa tano asubuhi. Saa sita nzima! Amani imekwisha kuandikwa, na watu wazidi kuuana. Wakubwa wengine, hali wanajua, waliwaamuru vijana wasonge mbele.

Henry Gunther, mwenyeji wa Baltimore, alikuwa na miaka 23. Alikuwa ameshushwa cheo kwa kumwandikia rafiki yake barua ya kumshauri asiingie jeshini, na wenzake walifikiri alitaka kuirudisha heshima yake. Dakika moja kabla ya saa tano aliikimbilia bunduki ya bombom ya Wajerumani. Akafa, Mmarekani wa mwisho kuuawa katika vita hivyo. Baadaye cheo chake kilirudishwa.

Sisi tunaohubiri habari za kumpenda adui twawafikiria sana Wajerumani wale. Kabla hawajafyatua risasi, walimpigia kelele na kumpungia mikono arudi.